Mhariri aliyejiita mwanafunzi

Ukigusia magazeti na harakati za uhuru wa India, wengi watakutajia jina moja tu: Gandhi. Sawa, Gandhi naye alikuwa mhariri. Lakini leo nataka tumzungumzie mtu ambaye huku kwetu hasikiki kabisa. Anaitwa Ganesh Shankar Vidyarthi. Hilo neno Vidyarthi, kwa Kihindi, maana yake ni mwanafunzi.

Alizaliwa mwaka 1890 mjini Allahabad. Novemba 1913, akiwa na miaka 23 tu, alianzisha gazeti la wiki mjini Kanpur na kuliita Pratap. Kanpur ulikuwa mji wa viwanda vya nguo na ngozi, umejaa vibarua wenye ujira kiduchu. Pratap liliandikwa kwa Kihindi, na hapo ndipo nguvu yake ilipokuwa. Magazeti ya Kiingereza yaliwafikia mawakili na maofisa. La Kihindi liliweza kusomwa kwa sauti kijijini, wasiojua kusoma nao wakasikia.

Mfano ni Champaran, kule Bihar. Wakulima walilazimishwa na walowezi kupanda nili kwenye sehemu 3 kati ya kila 20 za mashamba yao, watake wasitake. Gandhi alifika huko mwaka 1917 na dunia ikajua. Lakini kabla yake kulikuwa na mwalimu mmoja, Pir Muhammad Munis, aliyekuwa akituma habari za mateso hayo Pratap. Mwislamu anaandika, Mhindu anachapisha. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Sasa, serikali ya mkoloni ilifanyaje? Msidhani kila gazeti lilikuwa na askari mlangoni. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1910 ilikuwa na ujanja zaidi: mwenye mtambo wa kuchapia aliweza kudaiwa dhamana ya fedha, rupia 500 au zaidi. Ukiandika kisichowapendeza, dhamana inataifishwa. Yaani mhariri anajikagua mwenyewe kabla hajakaguliwa! Anaanza kupiga hesabu: habari hii itanigharimu kiasi gani? Sheria ile ilifutwa mwaka 1922, lakini hesabu hiyo wahariri wengi duniani wanaijua mpaka leo.

Vidyarthi aliendelea kuandika. Januari 1921 wakulima walipigwa risasi Munshiganj, wilaya ya Rae Bareli. Pratap likaandika, likamgusa na mwenye ardhi mmoja mkubwa. Bwana huyo akaenda mahakamani kudai amekashifiwa, na mhariri akaishia jela. Haikuwa mara yake ya mwisho. Baadaye kijana mmoja aliyekuwa akijificha aliwahi kufanya kazi Pratap kwa jina la bandia la Balwant. Jina lake halisi? Bhagat Singh.

Tarehe 23 Machi 1931 Waingereza walimnyonga Bhagat Singh mjini Lahore. Kanpur ikaitishwa siku ya maombolezo, maduka yafungwe. Baadhi ya wenye maduka Waislamu hawakutaka kufunga. Mabishano yakawa mawe, mawe yakawa visu na moto. Wahindu na Waislamu wakachinjana, mamia wakafa, na serikali ikalaumiwa baadaye kwa kuchelewa kuingilia kati.

Vidyarthi alikuwa ametoka jela siku chache tu kabla. Angeweza kubaki ofisini aandike tahariri kali ya kulaani. Nani angemlaumu? Yeye aliingia mitaani. Akawatoa Waislamu kwenye mitaa ya Wahindu, akawatoa Wahindu kwenye mitaa ya Waislamu. Tarehe 25 Machi kundi la watu likamuua. Alikuwa na miaka 40. Mwili wake ulipatikana baada ya siku kadhaa, katikati ya maiti nyingine hospitalini.

Kinachoniuma ni hiki: mkoloni alimfunga, lakini hakumuua. Waliomuua ni watu wa mji wake, wale wale aliokuwa akiwaandikia. Miaka yote alikuwa ameonya kuhusu wanaojificha nyuma ya dini ili kuwatumia wanyonge.

Sisi wanahabari tunafundishwa kusimama pembeni, kutokuwa na upande. Ni mafunzo mazuri, nayaheshimu. Lakini Vidyarthi naye hakuwa na upande siku ile, ndiyo maana alivuka mstari wa mitaa yote miwili. Kutokuwa na upande kwake hakukuwa kukaa kimya na kuhesabu maiti.

Leo chuo cha udaktari cha Kanpur kina jina lake. Ni heshima kubwa. Ila nadhani deni lake kwetu tunaoshika kalamu ni zaidi ya jengo: siku majirani wakianza kushikiana mapanga, gazeti letu litakuwa limewahi kuwafundisha nini kuhusu wao kwa wao? Pratap lilikuwa na Munis. Sisi tuna nani?