Bangili ya India, pembe ya kwetu

Wandugu, juzi niliona kwenye simu picha ya bangili za zamani za India, za pembe ya tembo, zile walizovaa mabibi harusi wa Gujarat. Chini waliandika "India" tu. Mi nikajiuliza: na tembo alitoka wapi?

Karne ya 19, mafundi wa India walipenda pembe za Afrika Mashariki kwa sababu ni laini kuchonga. Tippu Tip, aliyewekwa gavana hapa kwetu Stanley Falls mwaka 1887, alikopeshwa mali ya safari na Taria Topan, tajiri Mhindi wa Zanzibar. Pembe zilitoka porini huku, zikabebwa mabegani hadi pwani, na wabebaji wengi walikuwa watumwa. Toka Zanzibar, nyingi zilipanda merikebu kwenda Bombay. Huku kwetu zikaja shanga na vitambaa.

Kwa hiyo historia ya bangili ile ni yetu pia. Fundi hatumjui jina. Aliyebeba pembe, hata picha hana. Nyie wenye wazee Boyoma, waulizeni mapema walichosikia kwa babu zao. Muandike.