Jua na Sukari katika Ngozi ya Mwanadamu

Uso wa mtu ni daftari. Watu husoma umri wa mzee katika makunyanzi yake, na mara nyingi hukosea, kwa kuwa si kila mstari ulioandikwa na miaka. Mingine iliandikwa na jua, na mingine na sukari.

Bonde la Pangani lilivijua vyote viwili mapema. Katika karne ya 19 watumwa walilima miwa huko. Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889 baada ya kupigana na Wajerumani, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ikapona 62 tu, ikapandwa Kikogwe. Kwa 62 hiyo yalienea mashamba ya Tanga, na manamba wakaja kutoka mbali kukata majani yake. Kipande chao kilihesabu siku 30 za kazi. Jua lililoingia ngozini halikuhesabiwa na mtu.

Mionzi ya jua hupenya mpaka tabaka la ndani ikakata kolajeni, nyuzi ziishikazo ngozi kama kamba zishikavyo paa la makuti. Weusi wa ngozi ni mwavuli mwema, lakini hauzuii yote.

Sukari ina njia nyingine. Mwaka 1912 Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza jinsi sukari inavyoungana na chembe za protini. Ndiyo sababu mkate hubadilika rangi motoni. Katika mwili wa mgonjwa wa kisukari muungano wa namna hiyo hutendeka polepole: sukari iliyozidi hufunganisha nyuzi za kolajeni, zikawa ngumu. Jua huzikata, sukari huzikaza. Na mazao ya muungano huo, yapigwapo na jua, huzidisha uharibifu.

Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1989 uliona kisukari kwa mtu mzima kama 1 katika kila 100 vijijini Tanzania. Ule wa mwaka 2012, wa nchi nzima, uliona kama 9 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64. Vipimo havikuwa vya namna moja, lakini mwelekeo hauna shaka. Mkulima wa Muheza au mvuvi wa Pangani aweza leo kubeba mizigo miwili kwa pamoja, na wa pili asiujue mpaka damu yake ipimwe.

Ngozi iliyotangulia umri wake si aibu. Ni ushahidi wa kazi iliyofanywa, na pengine wa maradhi yasiyopimwa. Aitazamaye aulize habari kwanza, ndipo ahesabu miaka.