Nyoka, Kuku na Chai: Boma la Wakipsigis katika Karne ya Mabadiliko

Katika kitabu cha A. C. Hollis juu ya Wanandi, kilichochapishwa mwaka 1909, nyoka aliyekutwa kwenye kitanda cha mwanamke hakupigwa, kwa kuwa alihesabiwa kuwa mjumbe wa marehemu wa ukoo aliyekuja kuashiria uzazi salama. Alimwagiwa maziwa sakafuni, akasemezwa kwa heshima, kisha akaachwa aende zake. Wakipsigis, ambao ni ndugu wa Wanandi kwa lugha na desturi na ndio wenyeji wa nchi ya Kericho na Bomet, walishiriki imani hiyo ya oiik, yaani roho za wazee waliofariki ambazo huendelea kuwajali walio hai. Hollis alitaja pia ukoo wa Kipaa, ambao mnyama wake alikuwa nyoka, kama simba alivyokuwa wa ukoo wa Talai. Kwamba nyoka si mnywaji wa maziwa ni hoja isiyoigusa desturi yenyewe, maana maziwa yalitolewa kwa mzee wala si kwa mnyama.

Desturi hiyo ilikaa vizuri katika boma la wafugaji, ambamo utajiri ulihesabiwa kwa ng'ombe, mahari yalilipwa kwa mifugo, na kuku, pale alipokuwapo, hakumpa mtu sifa yoyote. Nyoka apitaye katika boma la namna hiyo hakuwa na kikubwa cha kuiba. Mgogoro ulihitaji kwanza mabadiliko ya ardhi, nayo yalikuja kwa nguvu: serikali ya kikoloni ilitwaa sehemu kubwa ya nyanda za juu za Kericho, na mwaka 1919 ikawagawia maafisa wa Uingereza waliojeruhiwa vitani, chini ya mpango wa BEADOC, ili walime kitani, zao la nyuzi ambalo bei yake ilianguka upesi na kuwafilisi. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziliingia na chai. Wakipsigis waliobaki katika eneo walilotengewa walianza, hasa miaka ya 1930, kugawana malisho yaliyokuwa ya wote, kila mtu akizungushia kipande chake ua wa miti na kulima mahindi ya kuuza.

Hapo ndipo, kwa maoni yanayotetewa katika makala haya, nyoka alipogeuka kuwa jirani wa kudumu. Ua mnene ulimpa njia iliyofichika kutoka mtoni hadi mlangoni. Ghala la mahindi lilileta panya, na panya wakamleta yeye. Nafaka zilizomwagika chini ya ghala zikawalisha kuku, ambao mtetea wao alipenda kutagia pembeni, penye giza na majani makavu, yaani mahali palepale ambapo nyoka angejichagulia. Chai ya wakulima wadogo, iliyosimamiwa na mamlaka ya chai, KTDA, tangu 1964, iliongeza maficho mengine hadi ukingoni mwa ua. Mchai huachwa ufike kiunoni, ukakatwa juu uwe bapa kama meza, matawi yake yakashikana na ya jirani hata jua lisifike chini. Na kila baada ya miaka michache, ukipogolewa, matawi yaliyokatwa hulazwa ardhini yaoze, tandiko zuri la panya-buku na vyura. Mchumaji huvaa buti na aproni ya plastiki kujikinga na umande na matawi, lakini mkono wake hubaki wazi juu ya majani ambamo ukukwi, nyoka mwembamba wa kijani asiye na madhara, huweza kujilaza bila kuonekana.

Si kila nyoka anayelaumiwa huwa na hatia. Katika sehemu za chini na zenye joto zaidi, kama Chepalungu, swila atemaye sumu huingia bandani kufuata mayai na vifaranga, na moma, yaani kifutu, hulala kimya njiani akingoja panya. Nyoka mla-mayai, kwa upande wake, karibu hana meno: hulimeza yai zima, hulipasua kwa ncha za mifupa ya uti wa mgongo zinazochomoza ndani ya koo, hunywa ute na kiini, kisha hutapika ganda lililokunjamana. Hana sumu, na yai la kuku ni kubwa mno kwa wengi wa aina yake, ambao huishi kwa mayai ya ndege wadogo. Mayai mengi yanayopotea huliwa na nguchiro au panya, na vifaranga wengi huchukuliwa na mwewe mchana kweupe. Lakini nyoka ndiye hufa, kwa kuwa ndiye anayekutwa.

Thamani ya kuku nayo ilipanda. Mpango wa taifa wa ufugaji wa kuku, ulioanza 1976 kwa msaada wa Uholanzi, uliwapa wakulima majogoo ya kuboresha kuku wao, na baadaye kituo cha utafiti cha Naivasha kikatoa kuku wa kienyeji walioboreshwa, ambao mayai yao yalimpa mama wa nyumbani fedha zisizopitia malipo ya chai. Wakati huohuo Ukristo, ambao misheni ya Tenwek huko Bomet iliueneza pamoja na matibabu, ulikuwa umewaondoa oiik katika mazungumzo ya wazi, ingawa si lazima katika fikra za wazee. Mwanamke aliyemkuta nyoka kwenye kiota hakuwa tena na maneno ya kumwambia. Alikuwa na jembe, na pengine mafuta ya taa au tairi la kuchoma, dawa zinazosifiwa kuliko zinavyofaa, ilhali kufyeka ua, kuinua banda na kuokota mayai kabla ya giza ndiko kunakopunguza ziara. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliwaweka nyoka wenye sumu miongoni mwa wanyama ambao wakati huo mtu aliyeuawa au kujeruhiwa nao alistahili fidia, na ikauacha usimamizi wa wanyamapori mikononi mwa shirika la wanyamapori, KWS, lakini askari wa shirika hilo huwa mbali, na jembe huegemezwa mlangoni.