Ajali ya mionzi ya Goiânia

Ajali hii ilitokea Septemba 1987 huko Goiânia, mji mkuu wa jimbo la Goiás nchini Brazil. Watu wawili waling'oa kichwa cha mashine ya tiba ya saratani katika kliniki iliyohamwa, nacho kikauzwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na seziamu-137, unga uliong'aa buluu gizani. Watu wakagawiana, wengine wakajipaka mwilini. Kati ya watu wapatao 112,000 waliopimwa, 249 walikutwa na uchafuzi, na wanne walifariki, mmoja wao mtoto wa miaka sita.

Utambuzi

Ajali hii huelezwa mara nyingi kama uzembe wa kutupa mashine, na ni kweli, lakini kilichoikuza ni kuchelewa kutambuliwa. Wagonjwa walianza kutapika na kuharisha siku za mwanzo, wakaambiwa ni chakula. Waliotoka malengelenge walidhaniwa wana ugonjwa wa kitropiki. Siku zipatazo kumi na tano zilipita, hadi mke wa mnunuzi alipokipeleka kifaa hicho kwa basi, ndani ya mfuko, kwa maofisa wa afya. Mwanafizikia aliyeitwa aliazima kipimo cha kutafutia urani. Mshale ukagonga mwisho kila alikokielekeza, akadhani ni kibovu, akaenda kuchukua kingine.

Wapo wasemao kwamba ajali za namna hii ni nadra mno kumshughulisha daktari anayeelemewa na malaria na kifua kikuu. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama maandalizi yangedai mitambo ya bei kubwa. Hapa kilichokosekana ni swali moja kwa wagonjwa wa nyumba moja wanaotapika pamoja na kuungua bila moto: mmeshika chuma gani? Tena chanzo hakikutoka kwenye kinu cha nyuklia bali kwenye kliniki, na mashine za mionzi za kobalti zimetibu wagonjwa hata Dar es Salaam na Kampala.

Tiba

Wagonjwa mahututi walipelekwa hospitali ya jeshi la majini, Rio de Janeiro. Watu 46 walipewa buluu ya Prussia, ambayo hunasa seziamu tumboni ikatoka na choo. Dawa hiyo haiponyi uboho uliokwisha kuharibiwa na mionzi, ndiyo maana kila siku iliyopotea ilikuwa na gharama.

Taka

Taka za mionzi zilizotokana na ajali hii zimehifadhiwa Abadia de Goiás, jimboni Goiás.