Mirija, Vioo na Nuru Ipoteayo

Kunasa nuru ya jua ni kazi moja. Kulizuia joto lake lisitoroke ni kazi nyingine. Kazi hizi zilifuata njia mbali mbali kwa muda mrefu kabla ya kukutana.

Ya kwanza ilimpata Augustin Mouchot, mwalimu wa hesabu nchini Ufaransa, aliyehofu kwamba makaa ya mawe yatakwisha. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1878, kioo chake kikubwa mfano wa faneli kilichemsha maji, na kwa nguvu ya mvuke ule akatengeneza barafu. Barafu itokayo kwa jua! Watu walistaajabu, nao walikuwa na haki. Lakini birika lake jeusi, ingawa lilifunikwa kwa kioo, lilizungukwa na hewa iliyolipokonya joto. Tena makaa yakazidi kuwa rahisi, na mtambo ukaachwa.

Ya pili ilianzia London mwaka 1892. James Dewar alitoa hewa katikati ya kuta mbili za chupa, apate kuhifadhi gesi zilizopozwa hata zikawa majimaji. Chupa ya chai ya siku hizi ni mtoto wa chupa hiyo. Mwaka 1911 William Emmet wa Marekani alipata hati ya uvumbuzi ya kutumia utupu wa namna hiyo kwa joto la jua.

Mirija, hata hivyo, ni ya mviringo: ikipangwa safu, nuru hupenya katikati yake, na migongo yake hubaki gizani. Hapo ndipo kioo kilipohitajiwa tena, nyuma ya mirija. Umbo lililofaa lilitoka pasipotazamiwa. Mwaka 1966 Roland Winston na mwenzake walieleza chombo cha kukusanya nuru hafifu katika uchunguzi wa chembe za atomu. Mwaka 1974 akaonyesha kwamba vioo vya asili hiyo hukusanya nuru ya jua pasipo kuligeukia kila dakika.

Masimulizi ya uvumbuzi hupenda kusahau ushuru wa safari hii. Katika sehemu 100 za nuru, kioo kizuri hurudisha 88 hivi. Ukuta wa mrija hupitisha 81 katika hizo. Bomba jeusi humeza 75. Na uko ushuru mwingine, wenye kejeli. Hesabu za Winston zilitaka kioo kiguse bomba, lakini utupu ule ule ulindao joto hukiweka kioo mbali nalo, na nuru hutoroka katika mwanya huo. Mwaka 1978 Winston mwenyewe aliurudia mwanya huo, akatoa hesabu zake.