Chanjo ya Mbwa: Historia ya Kwetu

Ndugu zangu wa Tarime na Serengeti, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Kwetu mbwa ni mlinzi wa mji na wa ng'ombe. Akipata kichaa, huyo huyo huleta msiba. Dalili zikishajitokeza kwa mtu aliyeng'atwa, kupona ni nadra mno.

Kinga ya binadamu si ngeni. Louis Pasteur alimchanja mtoto aliyeng'atwa, jijini Paris, mwaka 1885. Lakini zaidi ya miaka 100 baadaye, mtu wa kijijini mkoani Mara bado alihitaji nauli ya kwenda hospitali ya mbali, na fedha za dozi kadhaa. Wapo waliochelewa, wapo ambao hawakwenda kabisa, na wapo waliokufa.

Kati ya 1996 na 2001, wilaya ya Serengeti ilionyesha njia nyingine. Mbwa walichanjwa kijiji kwa kijiji, zaidi ya 6 katika kila 10. Baada ya awamu ya kwanza, kichaa cha mbwa kilipungua kwa asilimia 70. Baada ya awamu ya pili, kwa asilimia 97. Watu waliong'atwa na mbwa wanaoshukiwa nao walipungua. Kuanzia 2003, kazi hiyo iliendelezwa katika vijiji vinavyopakana na hifadhi.

Hata hivyo, timu inayokuja mara moja kwa mwaka haiwafikii wote. Kituo kikiwa mbali, au siku hiyo ikiangukia mnada au msiba, mbwa wanabaki nyumbani. Na kila mwezi wanazaliwa wengine. Ndiyo maana baadaye watafiti walijaribu mkoani Mara kuiacha chanjo huko huko vijijini, mikononi mwa mtaalamu wa mifugo na msaidizi mwenyeji, ikitunzwa katika chombo cha udongo kinachopoozwa kwa maji. Aina ya chanjo iliyotumika ilipimwa na kukutwa bado ina nguvu baada ya miezi 3 kwenye nyuzi joto 30. Kwa hiyo kijiji kisicho na umeme hakina sababu ya kuachwa nyuma.

Mimi ni mhasibu, nitasema kwa lugha ya daftari. Mbwa mmoja anahitaji sindano moja. Mtu aliyeng'atwa anahitaji kadhaa, pamoja na nauli na siku za kazi zilizopotea. Anayebeba gharama hiyo kubwa ni yule anayeishi mbali zaidi na barabara.

Napendekeza sehemu ya michango ya mwaka huu igharamie usafiri wa wataalamu wa mifugo na posho za wasaidizi, tukianza na vijiji vya mbali. Wazee na viongozi wa vitongoji wapange siku na vituo, kwa kuwa wao ndio wanaojua kila mji una mbwa wangapi.

Na mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Karibuni tuchangie.