Kuingia Kwenye Gari Si Kufika

Kila kifaa ndani ya kompyuta kina dereva wake: programu ndogo inayoufundisha mfumo kuongea na kifaa hicho. Bila dereva, waifai yako ni chuma tu, kama matatu iliyolala steji.

Linus Torvalds alianzisha Linux mwaka 1991, lakini kampuni nyingi ziliandikia Windows madereva, basi. Broadcom, kwa mfano, ilifichia watu wa Linux siri za chipu zake za waifai. Wajitolea wakajigawa makundi mawili. Kundi moja lilimchunguza dereva wa kampuni na kuandika maelezo ya jinsi chipu inavyofanya kazi. La pili likasoma maelezo hayo na kuandika dereva mpya kuanzia sifuri, ndio mtu asije akasema wameiba. Dereva huyo, bcm43xx, aliingia Linux 2.6.17 mwaka 2006. Broadcom yenyewe ilifungua mlango 2010, ikatoa msimbo wa chipu zake mpya.

Kati ya miaka hiyo, Greg Kroah-Hartman aliziambia kampuni hivi, 2007: leteni maelezo ya kifaa, tutawaandikia dereva bure. 2008 akaanzisha staging, kama kibaraza cha madereva wasiokomaa, wanyooshwe kwanza kabla ya kukaribishwa sebuleni.

Julai 2009, nani akabisha hodi? Microsoft! Ilileta mistari kama 20,000 ya madereva wa Hyper-V. Watu walishangaa, lakini miezi michache baadaye mafundi wake walikuwa kimya. Kroah-Hartman akaonya hadharani: msiporudi kuwatunza, tunawatoa. Walirudi, na madereva hao wapo hadi leo.

Onyo hilo lina maana. Linux haiahidi kwamba maungio yake ya ndani yatabaki vilevile. Anayeyabadilisha hurekebisha madereva wote walio ndani. Aliye nje hujikimbiza mwenyewe mpaka achoke. Na hata aliye ndani, akikosa mtunzaji na watumiaji, siku moja hufutwa.

Oktoba 2025, Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10. Laptopu nyingi za mitumba hapa Nairobi haziwezi kubeba Windows 11 rasmi. Zikiendelea kushika waifai kupitia Linux, ujue kuna mtu mahali fulani bado anamtunza dereva ambaye kampuni ilishamsahau.